Tuambie Siku Uliyoanza Kazi Bila Kuagizwa

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Sagana. Tumeipunguza kidogo ili itoshee katika kurasa hizi.



 Tumeona watu wa Kagio, watu wa Baricho, watu wa Makutano, na kuna kina mama waliotoka Karatina na matatu ya kwanza kabla jua halijachomoza. Asanteni sana. Vikundi vitatu vilituandikia vikitaka tuzungumze juu ya mbolea ya kuku. Tutaizungumza mchana, tukishakula. Asubuhi hii tuna jambo lingine, na tunaanza nalo kwa sababu ni deni letu.

Kuna msichana mmoja wa kikundi tunachokijua vizuri. Jina hatutalitaja. Yuko humu ndani na ametupa ruhusa, kwa hivyo msianze kugeuza shingo. Alimaliza kidato cha nne, akafanya kozi ya mwaka mmoja ya kutunza stoo, kisha akaanza kutuma maombi ya kazi. Alituma mengi. Mama yake aliuza kuku wawili ili alipe watu wa saiba wamchapie barua na kumtumia. Mwisho akaitwa kwa mahojiano, ile vijana wanaita intavyu, katika kampuni moja upande wa Mwea. Aliazima viatu. Alifika saa nzima kabla ya wakati.

Ndani walikuwa watu watatu. Walimuuliza juu ya masomo, akajibu vizuri. Halafu mama mmoja aliyekaa katikati akasema: "Tueleze siku uliyoona kitu kinaharibika, ukachukua hatua bila kungoja kuambiwa. Ulifanya nini, na ilikuchukua muda gani?"

Msichana wetu akajibu: "Mimi ni mtu wa bidii. Ninajituma, na sipendi kuchelewa."

"Sawa," yule mama akasema, "lakini tupe mfano. Siku moja tu."

Akanyamaza. Baadaye akasema, "Samahani mama, nimekuwa tu nyumbani. Sijawahi kuandikwa kazi."

Basi yakaishia hapo. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Sasa sikilizeni. Mnakumbuka mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140 kati ya yale yaliyokuwako wakati huo. Hapa Sagana tuliupokea kama watu wa nyumbani, maana kituo cha samaki kiko hapa tangu 1948, na wengi wetu tumekua tukiona vifaranga vya samaki vikibebwa katika mifuko ya plastiki yenye maji. Vidimbwi vingi vya wakati ule vimekauka, vingine vimepandwa nduma. Kikundi cha huyu msichana kilishikilia chake.

Asubuhi moja wakati wa mvua ndefu, saa kumi na moja na nusu, alikuwa akipita hapo kwenda kukama ng'ombe. Akaona samaki wote wamekuja juu, midomo nje ya maji, wanahema. Mwingine angepita akifikiri wana njaa, pengine hata angewatupia chakula. Yeye alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili, akakumbuka alichoambiwa: samaki wakipanda juu hivyo alfajiri, hewa imepungua majini. Usiku mimea ya majini inavuta hewa badala ya kuitoa, na samadi ikizidi inaoza na kumaliza ile kidogo iliyobaki. Hakurudi nyumbani kuuliza. Alifungua paipu ya kuingiza maji safi. Akaingia mpaka magotini, akavuta nje gunia la samadi lililokuwa limefungwa pembeni. Akampigia simu mwenyekiti, simu imezimwa. Akamtuma ndugu yake mdogo kwa katibu na maneno mawili: samaki wamekosa hewa, na leo mtu yeyote asiwape chakula. Kufikia saa tatu samaki walikuwa wamerudi chini. Walikufa kumi na mmoja. Kidimbwi kilikuwa na karibu elfu moja.

Huyo ndiye aliyesema mbele ya jopo kwamba amekuwa tu nyumbani.

Tulifungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya kikundi. Kimeandikwa hivi: "Kikundi kiliokoa samaki. Mungu asifiwe." Mungu asifiwe, ndiyo. Lakini ni nani aliyeingia majini? Na sisi wa ofisi ya maendeleo tulipoandika ripoti yetu ya miezi mitatu, tuliandika vile vile: kikundi. Kwa hivyo msichana alipoulizwa, aliamini vitabu vyetu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba yeye aliwahi kufanya kitu. Ndiyo maana tunasema ni deni letu.

Watu wengine wanafikiri maswali ya namna hii ni ujanja wa watu wa Nairobi wa kuwakwaza watoto wa kijijini. Hapana, yana historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilitaka kujua kwa nini marubani wengine wanafaulu na wengine wanashindwa. Mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa John Flanagan, pamoja na wenzake, wakaona maoni ya jumla hayasaidii. Ukimuuliza mtu kama ni hodari, nani atasema hapana? Wakaanza kukusanya matukio: siku fulani, hali fulani, mtu alifanya nini hasa. Flanagan aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1954, na miaka ya baadaye waajiri wakapata humo maswali yao ya mahojiano. Wazo lenyewe hata nyanya zetu walilijua. Ukitaka mtu akuchungie ng'ombe, humuulizi kama anapenda ng'ombe. Unauliza yule ng'ombe wa jirani aliyekuwa naye mwaka jana aliishia wapi.

Na ninyi mnaoomba kazi za serikali au za kaunti, jueni kwamba haraka si matakwa ya mkubwa fulani tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 232, inahesabu miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma kutoa huduma upesi, kwa ufanisi, bila upendeleo na kwa haki. Bodi ya kaunti ikikuuliza juu ya haraka, inauliza jambo ambalo limeandikwa.

Sasa, nani alisema mtu wa kijijini hajui haraka? Kahawa ikichumwa asubuhi lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo ikamenywe. Ikilala kwenye gunia inaanza kuchacha, na ladha inaharibika. Maziwa ya asubuhi yakikosa gari yanarudi nyumbani kuwa mtindi. Wauza nyanya wa Kagio wanajua kitu walichonacho Jumatatu si kile watakachokuwa nacho Alhamisi. Na ninyi wa Mwea, mpunga umeanikwa kwenye turubai, wingu linatoka upande wa mlima, mna dakika ngapi? Tumewahi kumwona mama mmoja akiita majirani wanane, huyu ashike gunia, yule akusanye, wewe mtoto lete kamba, na magunia yakawa ndani kabla tone la kwanza halijaanguka. Mama huyo huyo alituambia hana ujuzi wa kusimamia watu!

Kwa hivyo hadithi ziko. Kinachokosekana ni kuzisema.

Tumefanya mazoezi na vijana kadhaa hapa, na tumeona jibu zuri lina mwendo wake. Unaanza na hali: wapi, lini, kitu gani kilikuwa karibu kuharibika. Unasema jukumu lako lilikuwa lipi, na kama halikuwa jukumu lako useme wazi, maana hapo ndipo kujituma kunapoonekana. Halafu ulichofanya wewe. Mwisho, yaliyotokea. Wengi wanajua haya yote lakini wanayapima vibaya. Hali wanaisimulia dakika tano, mpaka na rangi ya ng'ombe, halafu walichofanya kinaisha kwa neno moja: "nikasaidia." Geuzeni. Hali iwe sentensi mbili. Kazi ya mikono yako ndiyo ichukue nafasi kubwa. Jibu zima likae kama dakika mbili, na ukimaliza unyamaze, uache wakuulize.

Na kama swali ni la haraka, taja saa. Usiseme "nilifanya upesi sana." Upesi wa nani? Kuna fundi akikwambia anakuja sasa hivi unajua ni wiki ijayo. Sema uliona saa ngapi, ulianza saa ngapi, mkubwa wako alipata habari saa ngapi, na jambo lilikwisha lini. Mwenye kusikiliza atasema mwenyewe moyoni kwamba huyu ni mwepesi.

Vile vile sema ulichofanya baadaye ili jambo lisirudi. Tulipomhoji msichana wetu tuligundua kitu ambacho hata sisi hatukukijua. Wiki iliyofuata aliandika zamu ya watu saba, kila mmoja na siku yake ya kuangalia kidimbwi alfajiri, akaibandika kwenye mlango wa stoo ya chakula cha samaki. Hakuona kama ni jambo la kusimulia. Kwa mwajiri, ile karatasi mlangoni inaweza kuwa na uzito kuliko kuingia majini.

Tufike sasa kwa neno gumu. Neno lenyewe ni "mimi."

Huku kwetu tumelelewa na methali ya Kikuyu, kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, yaani watu wakiwa pamoja, hata wachache, huinua kinu. Ni methali ya kweli na vikundi vyetu vyote vimesimama juu yake. Kanisani nako tunafundishwa unyenyekevu. Msichana aliyelelewa vizuri akisimama mbele ya wazee aanze mimi, mimi, mimi, tunasema hana adabu. Hata sisi tunaozungumza nanyi, tangu tuanze tunasema sisi. Lakini jopo haliandiki kikundi. Lina nafasi ya mtu mmoja, na linataka kujua kwamba kinu kilipoinuliwa, mkono wako ulishika wapi. Ukisema "tuliinua, tuliinua" mara kumi, watafikiri ulikuwa umesimama kando ukiwaimbia wenzako.

Si majivuno kusema "nilifungua paipu" kama uliifungua. Majivuno ni kusema ulikwenda mwenyewe kwa katibu wakati aliyekwenda ni ndugu yako. Sema mimi pale palipo pako, umtaje mwenzako pale palipo pake. Na wazee wetu, hapa tunawaomba mtusaidie. Kijana akifanya mazoezi haya nyumbani, msimwambie anajisifu. Wasichana hasa wanasikia neno hilo mara moja na hawafungui mdomo tena.

Jambo la lugha pia. Mahojiano mengi yanafanywa kwa Kiingereza, na vijana wanaogopa. Tumeona inasaidia kusimulia hadithi kwanza kwa Kikuyu, jikoni, mama akisikiliza. Halafu kwa Kiswahili. Ikishakaa vizuri, Kiingereza chake kinakuja bila kubabaika, kwa sababu unasimulia kitu ulichokiona kwa macho. Anayekariri maneno makubwa kutoka kwenye vitabu vya mahojiano anakwama likimtoroka neno moja.

Lakini kuna upande wa pili, na tusiufiche. Mwajiri anamtafuta mtu wa kujianzia kazi, na wakati huo huo anamwogopa. Tuna methali mbili zinazogombana: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na haraka haraka haina baraka. Jopo linazijua zote mbili. Ukishawafurahisha kwa ile ya kwanza, watakuuliza kwa ile ya pili. Nani alikuruhusu? Ulimwambia nani? Kama ungekosea, hasara ingekuwa ya nani?

Tumepata somo hili kwa uchungu. Katika kikundi kimoja cha maji, paipu kuu ilipasuka Jumamosi jioni. Mweka hazina alikimbia mjini, akanunua paipu na viungio kwa pesa zake, akamwamsha fundi, na Jumapili tulipotoka kanisani maji yalikuwa yanatoka bombani. Tulimpigia makofi. Lakini hakuchukua risiti, na hakuwa amempigia simu hata mwanakamati mmoja. Kumrudishia pesa zake kulichukua miezi minne ya maneno. Wengine walisema paipu haiwezi kuwa na bei hiyo. Watu wawili waliacha kikundi. Tunaamini mpaka leo kwamba alikuwa mwaminifu. Simu ya dakika moja ingetosha, na karatasi moja ya dukani.

Kwa hivyo vijana wetu tunawaambia hivi. Kama jambo linaharibika sasa hivi, na hatua yako inaweza kurudishwa, fanya, kisha toa habari mara moja. Kama linagusa pesa za watu, mali ya mtu au usalama wa mtu, piga simu kwanza. Ukifungua maji yasihitajike, utayafunga. Ukimwaga dawa kidimbwini, huwezi kuichota tena.

Mkifika nyumbani someni Nehemia, sura ya pili, mkiwa na mahojiano akilini. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Kuta za Yerusalemu hazikuwa kazi yake hata kidogo. Mfalme akamuuliza safari itachukua muda gani na atarudi lini, naye hakusema "nitajitahidi." Alimtajia muda. Akaomba barua za kumpitisha kwa watawala wa njiani, na barua nyingine kwa mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti. Alipofika hakupiga kelele. Alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua ukuta ulivyobomoka. Ndipo akawaita watu. Sura ya sita inatupa hesabu: ukuta ulikwisha kwa siku 52. Tazameni vile kila kitu kimo. Ruhusa imo, ukaguzi umo, na siku zimehesabiwa. Na orodha ndefu ya sura ya tatu inataja majina, nani alijenga wapi, mpaka mabinti wa Shalumu. Aliyeandika kumbukumbu zile hakuandika "kikundi kilijenga."

Halafu msiazime hadithi ya mwenzako. Kila mwaka kuna kijana anayejaribu. Jopo likishuku linauliza vitu vidogo: paipu ilikuwa ya inchi ngapi? Fundi alilipwa nini? Mvua ilikuwa inanyesha? Aliyekuwepo hujibu bila kufikiri. Aliyeambiwa hujikuna kichwa. Pia mnaandika majina ya padre, mchungaji au mwenyekiti kuwa wadhamini wenu, na siku hizi wanapigiwa simu kweli. Msituweke mahali ambapo lazima tuchague kati yenu na ukweli.

Jana jioni mzee mmoja alituuliza, "Haya yote ni ya nini, na kazi zinakwenda kwa wenye kujuana na wenye kutoa kitu kidogo?" Mzee wetu, hatutakudanganya. Mambo hayo yapo. Sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na Tume ya Utumishi wa Umma imetangaza mara nyingi kwamba haitozi mtu ada yoyote ili aajiriwe. Sheria ya ajira ya 2007 inakataza kumbagua mwenye kuomba kazi kwa sababu ya jinsia, kabila, dini, ulemavu au ujauzito. Hizo ni sheria, na sheria inavunjwa. Jirani yetu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, alirudi kutoka Marekani mwezi wa Januari 1966 akiwa ameahidiwa kazi katika chuo kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mwingine. Yeye mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke. Alizunguka akitafuta kwa muda wa kama miezi miwili, mpaka akaipata nafasi katika idara nyingine ya chuo hicho hicho, ya anatomia ya wanyama.

Na tukiwa naye bado, kumbukeni kina mama aliofanya nao kazi ya kupanda miti tangu 1977. Walipoambiwa kwamba kuotesha miche ni kazi ya watu wenye diploma, walianza na mbegu za mashambani mwao, wakaziotesha katika makopo na vyungu vilivyovunjika. Kama mmoja wao angeitwa kwa mahojiano ya kazi ya kitalu, akaulizwa ana ujuzi gani, tunaogopa angejibu: "Sina, mimi ni mama wa nyumbani tu." Makopo yamejaa miche nyuma ya nyumba!

Turudi kwa msichana wetu. Aliitwa tena, mahali pengine, miezi minne baada ya ile mara ya kwanza. Tulikuwa tumekaa naye jioni tatu. Aliulizwa karibu swali lile lile. Alivyojibu ni hivi, na ametuandikia mwenyewe:

"Asante, mama. Kikundi chetu kina kidimbwi cha samaki. Mwezi wa nne, saa kumi na moja na nusu asubuhi, niliona samaki wamekuja juu wakihema. Kutunza samaki haikuwa kazi yangu, mimi nilikuwa mwanachama wa kawaida. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba hiyo ni dalili ya kukosa hewa. Nilifungua maji safi, nikatoa gunia la samadi. Nilimpigia mwenyekiti, hakupatikana, kwa hivyo nilimtuma ndugu yangu kwa katibu, naye akapata habari kabla ya saa kumi na mbili. Saa tatu samaki walikuwa wametulia. Tulipoteza kumi na mmoja kati ya karibu elfu moja. Wiki iliyofuata niliandika zamu ya kuangalia kidimbwi kila alfajiri, kamati ikaikubali."

Wakamuuliza kwa nini hakungoja mwenyekiti apatikane. Akasema maji yanaweza kufungwa tena, samaki aliyekufa haamki. Wakamuuliza kama kuna kitu angefanya tofauti. Akasema ndiyo, samadi ilikuwa imezidi kwa wiki mbili na yeye aliiona, akanyamaza. Anasema hapo ndipo yule mzee aliyekuwa kimya upande wa dirisha aliposhika kalamu.

Alikuwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza alifanya kazi wiki sita akaondoka, ndipo msichana wetu akapigiwa simu aje. Mkataba ni wa miezi mitatu, katika stoo, na sasa yuko katika mwezi wa pili. Leo amepewa ruhusa kuja hapa mpaka saa sita.

Sasa kazi ya asubuhi hii. Makatibu wa vikundi, tunawaomba kuanzia mkutano wenu ujao mpige mstari katika kitabu cha kumbukumbu mwongeze ukurasa. Kila mtu akifanya jambo, andikeni jina lake, tarehe, saa, alichofanya, na ni nani aliyeambiwa. Si lazima liwe kubwa. Aliyeziba bomba, aliyempeleka mgonjwa Kerugoya usiku, aliyegundua hesabu ya chama imekosewa kwa shilingi mia mbili. Kijana akiomba barua ya kikundi, mnakili kutoka humo na mwenyekiti anaweka sahihi. Sisi nasi katika ripoti zetu tumeanza kuandika majina, na yule padre anayezisoma amelalamika kwamba zimekuwa ndefu.

Kabla ya chai mtakaa watatu watatu. Mmoja anauliza: tuambie siku uliyoanza kazi bila kuagizwa. Mwingine anajibu kwa dakika mbili. Wa tatu anashika saa na kuhesabu ni mara ngapi amesema "sisi." Wazee watakuwa jopo, na tafadhali wasicheke. Msichana wetu atapita katikati yenu, anayetaka kumuuliza kitu amuulize kabla ya saa sita. Chai itakuwa tayari saa nne na nusu. Mbolea ya kuku ni saa nane.